Kuchagua Eneokazi la Kompyuta ya Kurekodia Sauti

Kompyuta inayotumika kuandikia barua ikisita kwa nusu sekunde, mwandishi hapati hasara yoyote. Kompyuta hiyohiyo ikisita kwa sehemu ndogo tu ya muda huo wakati mzee anaimba wimbo wa kale mbele ya maikrofoni, sauti hukatika, na pengine mwimbaji huyo hatapatikana tena. Kwa sababu hiyo, mifumo ya uendeshaji ya programu huria iliyokusudiwa kazi za sauti, kama vile Ubuntu Studio, hutungwa kwa kuzingatia sana wakati. Mojawapo ya maswali yanayowakabili watungaji wake ni hili: ni eneokazi lipi linalofaa?

Eneokazi ni nini?

Eneokazi ni sehemu ya mfumo ambayo mtumiaji huiona na kuitumia: madirisha, menyu, mandhari ya kioo na programu ya kupangia mafaili. Katika Linux sehemu hii haikufungamanishwa na kerneli, yaani kiini kinachogawa kazi za prosesa na kumbukumbu. Huweza kuondolewa na nyingine ikawekwa mahali pake. Miongoni mwa maeneokazi yanayojulikana ni Xfce na KDE, yaliyoanzishwa mwaka 1996, na GNOME lililoanzishwa mwaka 1997.

Hesabu ya wakati

Sauti inapoingia katika kompyuta hupimwa mara nyingi kila sekunde. Kiwango kinachotumika sana ni vipimo 48,000. Vipimo hivyo hushughulikiwa kwa mafungu. Fungu likiwa na vipimo 128, prosesa hupata muda wa 128 ÷ 48,000, yaani takriban milisekunde 2.7, kulimaliza kabla ya fungu jingine kuwadia. Ikichelewa, hutokea pengo ambalo husikika kama mwaliko.

Fungu likiongezwa hadi vipimo 1,024, muda huwa milisekunde 21.3. Hatari ya pengo hupungua, lakini mpiga gitaa husikia mlio wake ukichelewa. Kwa kuwa sauti husafiri hewani kwa mita 340 hivi kwa sekunde, kuchelewa huko ni sawa na kusimama zaidi ya mita 7 kutoka kwenye spika. Fundi basi yu kati ya mambo mawili: kuchelewa na kukatika.

Eneokazi huathiri vipi?

Yafaa ieleweke kwamba eneokazi halitengenezi sauti. Kerneli huweza kuipa programu ya sauti kipaumbele, ili kazi za madirisha zingoje. Hata hivyo, athari hupita katika njia tatu. Kwanza, eneokazi hutumia kumbukumbu. Ikijaa, data huhamishiwa kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi. Pili, mapambo yanayosogea huishughulisha sehemu ya michoro, na programu zake za uendeshaji zikiwa mbovu huweza kuizuia prosesa. Tatu, baadhi ya maeneokazi huorodhesha mafaili kichinichini wakati kazi nyingine inaendelea.

Mfano wa Ubuntu Studio

Mfumo huu ulitolewa mara ya kwanza mwaka 2007 ukiwa na GNOME. Mwaka 2011, Ubuntu yenyewe ilipokwisha kuhamia eneokazi la Unity, Ubuntu Studio ilichagua Xfce, lililosifika kwa wepesi. Mwaka 2020, katika toleo la 20.10, ilihamia KDE Plasma. Watungaji walieleza kwamba matumizi ya kumbukumbu ya maeneokazi hayo mawili yalikuwa yamekaribiana, na kwamba Plasma lilikuwa na zana bora kwa wachoraji na wapiga picha. Funzo ni kwamba sifa ya wepesi haina budi kupimwa upya kila baada ya muda. Isirithiwe kama methali.

Kwa shule yenye kompyuta kuukuu za kumbukumbu ndogo, eneokazi jepesi lingali chaguo la busara. Penye kumbukumbu ya kutosha, kinachostahili kutangulizwa ni urahisi wa kazi: madirisha mengi kupangika vizuri, na mapambo kuweza kuzimwa.

Jaribio

Wanafunzi waweke maeneokazi mawili katika kompyuta moja. Ukubwa wa fungu, programu na muda wa kurekodi visibadilishwe. Warekodi kwa dakika 10 katika kila eneokazi huku wakifungua na kufunga madirisha, kisha wahesabu mapengo yanayoonyeshwa na programu ya QjackCtl. Jaribio lirudiwe mara tatu, kwani tokeo moja halitoshi kuwa ushahidi.

Maswali

1. Fungu la vipimo 256 huipa prosesa muda gani ikiwa vipimo ni 44,100 kwa sekunde?
2. Kwa nini ukubwa wa fungu usibadilishwe katika jaribio?
3. Anayerekodi hotuba tu, bila kujisikiliza, achague fungu dogo au kubwa? Toa sababu.