Somo la Mwezi: Kuyatumia kwa Busara Mapambo Tuliyo Nayo



Neno la kujifunza mwezi huu wengine watalidhani dogo, nalo ni habari ya poda, wanja na rangi ya mdomo vilivyomo masandukuni mwa mama na binti zetu. Hatusemi kwamba kujipamba ni kosa. Katika nchi hii ya Loliondo watu wamejipamba tangu zamani. Morani husaga udongo mwekundu, uitwao olkaria kwa Kimaasai, akauchanganya na mafuta na kujipaka; na mama hutunga shanga kwa mikono yake. Neno letu ni hili: mwenye mapambo na ayajue aliyo nayo, ayatumie vema, kabla ya kutafuta mengine.

Hebu tuzitazame shanga. Uzi ukikatika, mama haziachi chini. Huinama, huziokota moja moja, akazitunga upya. Lakini mama yuyo huyo akipita madukani Wasso na kuona rangi ya mdomo, huenda akainunua, ingawa nyumbani anazo tatu, na moja hajaifungua. Kwa nini? Kwa sababu shanga amezifanyia kazi, naye aijua thamani yake. Bali kile kikopo alikinunua tu, kisha akakisahau. Basi na tujifunze kuvitunza vikopo kama tunavyozitunza shanga.

1. Vitoe vyote, uvihesabu.
Tandika kitambaa safi, uvipange vyote mahali pamoja, rangi kwa rangi. Aliyevitawanya huku na huku hununua mara mbili kitu kimoja. Kisha chagua vichache vya kutumia mwezi huu, uviweke karibu na kioo, wala usifungue kipya mpaka cha kwanza kimekwisha. Rangi ya mdomo iliyobaki chini ya kikopo huweza kuchotwa kwa kijiti safi. Nusu ya mwezi mtu aweza kuitumia bado.

2. Angalia umri wake.
Juu ya vikopo vingi pana picha ya kopo lililofunuliwa kifuniko, pamoja na tarakimu na herufi M. 6M maana yake ni miezi 6 tangu kufunguliwa. 12M ni miezi 12. Kwa hiyo siku unapokifungua, andika tarehe chini yake kwa kalamu. Vitu vyenye maji huharibika upesi, kwa kuwa vijidudu huota penye unyevu. Poda kavu hudumu zaidi. Wanja wa maji wa kupaka kope hautumiwi kupita miezi michache. Ukikauka, usiutie maji wala mate, maana hapo wawapa vijidudu chakula. Kitu kilichobadilika harufu au rangi, kitupe bila kukionea huruma. Tena usiweke mapambo dirishani penye jua, kwa kuwa joto huyaharibu kabla ya wakati wake.

3. Cha jicho ni cha mtu mmoja.
Wilaya yetu ya Ngorongoro, pamoja na sehemu nyingine za Umaasaini, imesumbuliwa miaka mingi na trakoma, ugonjwa upofushao watu. Huenezwa kwa mikono, kwa nguo za kujifutia uso na kwa nzi wagusao macho ya mgonjwa. Wanja upitao jicho hadi jicho waweza kuchukua uchafu kwa njia iyo hiyo. Siku ya arusi dada humpa dada wanja wake kwa upendo, lakini upendo wa kweli husema, "Hapana, ndugu yangu, huu ni wa macho yangu." Na aliyekwisha kuugua macho, autupe wanja aliokuwa akiutumia.

4. Kisichofaa kutumiwa kamwe.
Neno la kukitumia kitu mpaka kiishe halihusu mkorogo na mafuta ya kujichubua. Mengine yana zebaki, ambayo huzuia ngozi isifanye rangi yake. Rangi hiyo ndiyo mwavuli wetu mbele ya jua kali la nyanda za juu. Zebaki huingia mwilini, hudhuru figo, na kwa mama mja mzito humfikia mtoto tumboni. Hata watoto walalao chumba kimoja na mama huweza kupatwa, kwa mvuke wake na kwa mikono na mashuka. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliamuru kwamba baada ya mwaka 2020 mapambo yenye zebaki kupita kiasi cha sehemu 1 katika milioni yasitengenezwe wala kuuzwa nchi kwa nchi. Nayo Tanzania imeukubali mkataba huo. Tangu mwaka 2019 kazi ya kukagua vipodozi nchini iko kwa Shirika la Viwango, TBS. Ukiona kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo, usilinunue. Ukiwa nalo, usimpe jirani, wala usilichome moto, maana mvuke wa zebaki ni sumu. Lifunge vizuri, umwulize afisa wa afya. Na aliyekwisha kuyatumia siku nyingi asione haya kwenda hospitali.

Tukifanya haya, fedha iliyokuwa ikipotea kwa vikopo vya kusahauliwa itabaki kwa daftari la mtoto au chumvi ya nyumba. Nasi tutazidi kuvifurahia vile vichache tulivyo navyo.

Maswali ya kujiuliza nyumbani

1. Je, nina vikopo vingapi, na vingapi nimevitumia mwezi huu?
2. Nilipokinunua cha mwisho, nilikihitaji, au nilimwona mwenzangu nacho?
3. Kipo nyumbani mwangu kitu kiwezacho kumdhuru mtoto wangu? Nitakiondoa lini?