Swali la Bungeni Huanzia Kijijini

Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Neno hilo ni la kweli, lakini lina upande wa pili ambao mara nyingi twausahau: yuko mtu aulizaye akapata, na yuko aulizaye akarudi nyumbani mikono mitupu. Yule wa kwanza amejua anataka nini na anamwuliza nani. Yule wa pili amelalamika tu. Tofauti hiyo huonekana katika baraza la kijiji, na huonekana zaidi katika Bunge la Jamhuri ya Muungano huko Dodoma.

Leo twapenda kutoa somo juu ya maswali ambayo Wabunge huwauliza Mawaziri. Tumechagua kuitazama habari hii kwa macho ya wenyeji wa Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma. Watu hawa wako mbali na Dodoma, tena wana mambo mazito ya kuuliza: barabara, wakimbizi, misitu, na uthibitisho wa uraia wao mpakani mwa Burundi. Yatakayosemwa juu yao yatawafaa jamaa wote nchini, maana kanuni ni moja.

Haki yenyewe

Yatupasa kujua kwanza kwamba kumwuliza Waziri si fadhili anayotendewa Mbunge. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 63, yasema kwamba Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Kisha yataja njia za kutimiza kazi hiyo, na iliyotangulia zote ni hii: kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 100 yaongeza ulinzi, kwamba uhuru wa mawazo na majadiliano katika Bunge hautahojiwa mahakamani wala mahali pengine nje ya Bunge.

Desturi hii ni ya kale. Huko Uingereza, swali la kwanza linalokumbukwa kuulizwa Bungeni liliulizwa mwaka 1721. Kwetu sisi, Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1926, na Waafrika wa kwanza hawakuingia humo mpaka mwaka 1945. Kwa hiyo kwa karibu miaka ishirini mambo ya nchi yaliulizwa na kujibiwa pasipo Mwafrika hata mmoja. Mtu akumbukaye hayo hatalichukua swali la Mbunge kuwa jambo dogo.

Safari ya swali

Kanuni za Kudumu za Bunge, ambazo zimetolewa upya mara kadhaa, kama vile mwaka 2007, 2016 na 2020, zaeleza njia ya swali. Mbunge huliandika na kulipeleka mapema kwa Katibu wa Bunge. Swali hutazamwa kama linafuata kanuni, kisha hupelekwa kwa Wizara ili Waziri atafute habari na kutayarisha jibu. Likipangiwa siku, hupewa namba na kuingizwa katika orodha ya shughuli. Siku hiyo, asubuhi, Spika humwita Mbunge, swali huulizwa, na Waziri au Naibu Waziri husimama kujibu. Yako pia maswali ambayo majibu yake hutolewa kwa maandishi.

Swali lina mipaka yake. Haliwi hotuba. Haliwi na matusi wala kejeli. Halimwulizi Waziri juu ya shauri ambalo mahakama bado inaliamua. Tena lisijengwe juu ya uvumi, kwa maana Mbunge asemaye neno kuwa ni kweli aweza kutakiwa kulithibitisha, na kanuni hukataza kusema uongo Bungeni. Katazo hilo humfunga mwulizaji na mjibuji sawasawa. Waziri naye ana wajibu wa kujibu kwa ukamilifu kile alichoulizwa, na Spika akiona kwamba swali halikujibiwa, aweza kuagiza lijibiwe upya.

Nani aulizwe?

Hapa ndipo maswali mengi mazuri hupotea. Mtu wa Kasulu husema, "Barabara yetu ni mbovu." Ni barabara ipi? Ikiwa ni barabara kuu au ya mkoa, hiyo ni ya TANROADS, na mwenye kujibu ni Waziri wa Ujenzi. Ikiwa ni ile iendayo kijijini kutoka barabara kuu, tangu mwaka 2017 hiyo ni ya TARURA, iliyo chini ya ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ambayo watu huiita TAMISEMI. Maji ya kijijini yako mikononi mwa RUWASA, iliyoanza mwaka 2019 chini ya Wizara ya Maji. Zahanati ya kijiji na shule ya msingi ni za halmashauri, na jibu lake hutoka TAMISEMI.

Tuchukue mfano mgumu zaidi. Kambi ya Nyarugusu katika Wilaya ya Kasulu imepokea wakimbizi tangu mwaka 1996, wakitoka kwanza Kongo. Na Nduta katika Wilaya ya Kibondo imepokea Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka 2015. Mwenyeji anayekaa karibu na kambi ana habari nyingi moyoni. Habari ya wakimbizi wenyewe na ulinzi wa kambi ni ya Waziri wa Mambo ya Ndani. Habari ya miti iliyokatwa katika hifadhi ya msitu ni ya Waziri wa Maliasili na Utalii. Habari ya barabara ya kijiji iliyoharibiwa na magari mazito ni ya TAMISEMI. Mtu akiyafunga yote katika furushi moja na kumtupia Waziri mmoja, huyo atajibu la kwake kwa maneno machache, na mengine yataanguka njiani.

Hali ni hiyohiyo kwa vitambulisho. Mwenyeji wa mpakani aliyekaa muda mrefu bila kupata kitambulisho cha Taifa, kwa kuwa uraia wake umetiliwa shaka, asiseme tu kwamba watu wa Kigoma wanaonewa. Amweleze Mbunge wake: watu wangapi katika kata waliandikishwa, wangapi wamekwisha kupata, wangapi waliambiwa wangoje, na tangu lini. Jambo hilo ni la Waziri wa Mambo ya Ndani, na Waziri aliyewekewa hesabu mbele yake hawezi kujibu kwa faraja peke yake.

Maneno yenyewe ya swali

Maswali mengi huanza hivi: "Je, Serikali haioni umuhimu wa kujenga kituo cha afya katika kata fulani?" Jibu la swali kama hilo ni jepesi mno. Serikali yauona umuhimu, nayo itajenga kadiri fedha zitakavyopatikana. Mbunge ameuliza, Waziri amejibu, na mama mjamzito wa kata ile bado anabebwa kwa baiskeli.

Swali hilohilo laweza kuulizwa kwa namna nyingine: "Je, ni shilingi ngapi zilizotengwa katika mwaka huu wa fedha kwa kumaliza kituo cha afya cha kata fulani, ni ngapi zilizokwisha kupelekwa, na lini kazi itakwisha?" Swali hili halina ukali wowote. Lakini lina milango mitatu, na kila mlango wadai ufunguo wake: hesabu, hesabu, na tarehe. Waziri akiacha mmoja bila kuufungua, kila mtu ataona.

Jibu likiisha kutolewa, Mbunge mwenye swali huruhusiwa kuuliza maswali mawili ya nyongeza, na Spika aweza kuwapa nafasi Wabunge wengine. Swali la nyongeza sharti litoke katika jibu. Likileta habari ngeni, Spika atalikataa kuwa ni swali jipya. Hapo ndipo Mbunge aliyejitayarisha hutofautiana na yule aliyesoma karatasi tu. Waziri akisema kwamba fedha zimepelekwa, mwenye taarifa ya kweli kutoka kijijini ataweza kusema: mpaka wiki iliyopita mafundi walikuwa hawajalipwa, fedha hizo ziko wapi? Neno hilo halipatikani Dodoma. Lapatikana kwa mjumbe wa kamati ya ujenzi, kijijini.

Siku ya Alhamisi pana utaratibu mwingine, ulioletwa na Kanuni za mwaka 2007: maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Haya ni ya sera ya Serikali. Kumwuliza Waziri Mkuu habari ya daraja moja la kijiji ni kuipoteza nafasi. Kumwuliza sera ya nchi juu ya wilaya zinazopokea wakimbizi ni kuitumia vema.

Mbunge aliye Waziri

Liko jambo moja ambalo watu wa nyanda hizi wamelijua kuliko wengi. Mawaziri wetu, kwa Katiba, huteuliwa kutoka miongoni mwa Wabunge, nao huwajibika Bungeni kwa pamoja. Ndiyo maana Waziri hasimami kumwuliza Waziri mwenzake. Mbunge wa Muhambwe, Mhandisi Atashasta Nditiye, alifanywa Naibu Waziri mwaka 2017. Profesa Joyce Ndalichako, aliyechaguliwa Kasulu Mjini mwaka 2020, alikuwa Waziri wa Elimu. Dakta Philip Mpango, aliyechaguliwa mwaka huohuo katika Buhigwe, iliyokuwa zamani sehemu ya Wilaya ya Kasulu, alikuwa Waziri wa Fedha kabla ya kuwa Makamu wa Rais mwaka 2021.

Hiyo ni heshima kwa nchi ya Waha, wala hatusemi kwamba ni hasara. Waziri aweza kusema na wenzake kwa njia nyingine. Lakini katika saa ya maswali, sauti ya jimbo lake haisikiki kwa kinywa chake. Hapo wananchi hawana budi kumwendea Mbunge wa jimbo jirani, au Mbunge wa Viti Maalum wa mkoa, ambaye ana haki ileile ya kuuliza. Tusione haya kufanya hivyo. Tusisahau kwamba Muhambwe na Buyungu ni majina ya falme za kale za Buha. Mipaka ya majimbo imekuja juu ya watu waliokuwa ndugu tangu zamani.

Jibu ni ahadi

Yote yasemwayo huandikwa katika Taarifa Rasmi ya Bunge, iitwayo Hansard, kwa lugha yetu ya Kiswahili, na kila mtu aweza kuisoma. Barabara ya kutoka Kidahwe, kupitia Kasulu na Kibondo, mpaka Nyakanazi, iliulizwa Bungeni mwaka hata mwaka, huku abiria wakisukuma magari katika tope. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kukopesha fedha za kujenga kwa lami sehemu ya Kabingo, Kasulu na Manyovu, kilomita 260 hivi. Hatusemi kwamba maswali ndiyo yaliyoleta mkopo ule. Twasema kwamba kila jibu liliacha maandishi, na mwulizaji aliyefuata aliweza kusema: mwaka fulani mlituahidi hivi, imekuwaje?

Basi kazi yetu ni nini? Mbunge wetu akiuliza, tusipige makofi tu kwa sababu ametaja jina la kijiji chetu. Mwenye kusoma katika jamaa alitafute jibu, aliandike katika daftari pamoja na jina la Waziri na tarehe, alisome mbele ya mkutano wa kijiji. Mwaka ukipita, tuyalinganishe maandishi na macho yetu. Kama kazi imefanyika, tuseme imefanyika, maana haki huenda pande zote mbili. Kama haikufanyika, daftari lile ndilo mwanzo wa swali lijalo.

Mbunge aweza kuwa hodari wa maneno, lakini hawezi kuuliza asichokijua. Tukimtuma na malalamiko, ataleta maneno ya kutufariji. Tukimtuma na hesabu, majina ya mahali na tarehe, atadai jibu. Tusimlaumu mchukuzi kabla ya kutazama tumemtwika mzigo gani.