Mwenyekiti anayelipa madeni ya wenzake

Shangazi, mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa mtaani. Mzunguko huu wanachama watatu hawajarejesha mikopo. Wawili nimewalipia kwa hela ya genge langu ili siku ya kuvunja mzunguko na kugawana akiba isiharibike. Wa tatu ni wifi yangu. Nilipokataa kumlipia, akanitamkia mbele ya kikao kwamba sina uongozi. Mume wangu amenuna. Nijiuzulu?
Mama Genge, Morogoro

Mwanangu, usijiuzulu sasa. Ukiondoka kabla ya kuvunja, mtaa mzima utasema umekimbia na hela.

Utanuna na wewe, lakini nikwambie: wifi yako ana hoja. Wawili umewabeba, yeye umemwacha. Hata ningekuwa mimi ningeuliza kulikoni. Kosa halikuwa kumkatalia yeye, lilikuwa kuwalipia wale kimyakimya. Kwenye daftari madeni yamefutika, kikundi hakijui kuwa kiliyumba, na kila mkopaji sasa anajua mlango wa kubisha.

Tazama sanduku lenu. Kama ni la kawaida ya vikundi hivi, lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanachama watatu, na anayelilaza nyumbani kwake hana ufunguo. Hela huhesabiwa mbele ya wote, na kiasi kinatajwa kwa sauti. Yote hayo ni ili akiba za watu zisitegemee huruma ya mtu mmoja. Wewe umeipitisha huruma yako kwa mlango wa nyuma.

Sisi wa enzi za Azimio la Arusha tunaikumbuka Miiko ya Uongozi. Mwaka 1967 TANU haikuishia kumtaka kiongozi awe mtu mwema. Iliandika asichoruhusiwa: mishahara miwili, nyumba ya kupangisha, hisa kwenye kampuni, ukurugenzi wa makampuni ya kibepari. Wakubwa walinung'unika, na mwaka 1991 CCM ikailegeza huko Zanzibar. Ila miaka ile mtu wa kawaida alikuwa na la kumuuliza kiongozi wake. Katiba yenu je? Sijaiona, lakini nahisi faini ya kuchelewa kikao imeandikwa mpaka shilingi, na kuhusu deni sugu imeandikwa "viongozi watashughulikia". Kwa maneno hayo, wifi yako hajakusingizia.

Kikao kijacho, katibu asome madeni yote matatu, pamoja na kiasi ulichotoa wewe. Aibu utaipata, wale wawili wataipata zaidi. Waombe wanachama waamue kama hela yako irudishwe kutoka kwenye akiba za wale wawili. Likifika la wifi, mwachie makamu kiti, ukae kimya kabisa, hata ukiulizwa. Wakiamua akiba yake ikatwe, ikatwe; wakimwongezea muda, sawa. Kisha kipengele cha deni sugu kiandikwe upya: siku ngapi, nani anamfuata mdaiwa, na hasara ikibaki inagawanywaje kwa hisa.

Kuhusu mumeo, usimsomee katiba. Mwombe aende mwenyewe kwa dada yake kabla ya kikao, amuulize anaweza kurejesha kiasi gani kwa wiki. Jibu hilo makamu wako atalihitaji.