Saratani ya Titi na Uzazi wa Mama Kijana

Somo hili ni la akina mama walio bado katika umri wa kuzaa, lakini waume zao nao wasilipite. Tukisikia mtu ana saratani ya titi, sote twauliza, "Atapona?" Ni haki. Lakini binti wa miaka 30 analo swali la pili, ambalo mara nyingi haoni wa kumwuliza: "Je, nitazaa?"

Aulize mapema, kabla ya dawa ya kwanza. Dawa kali za saratani zaweza kudhuru vifuko vya mayai. Hedhi hukatika, wengine hurudiwa nayo, wengine la, hasa waliopita miaka 40. Katika baadhi ya hospitali kubwa mayai huweza kutolewa na kugandishwa kabla ya tiba. Gharama yake, tukubali, si ya wengi wetu.

Hapa wengi hukosea: hedhi ikikatika hudhani mimba haiwezi kuingia. Yaweza. Na tamoksifeni, vidonge ambavyo wenye saratani inayochochewa na homoni huvinywa miaka 5 au zaidi, vyaweza kumdhuru mtoto tumboni. Basi azuie mimba, lakini si kwa vidonge vya majira, wala sindano, wala vijiti, kwa maana hivyo vina homoni. Kitanzi cha shaba chafaa, au kondomu. Akienda kliniki ya uzazi amwambie mwuguzi ugonjwa wake; asiposema, atachomwa sindano kama wenzake.

Je, mtoto baadaye? Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uitwao POSITIVE. Wanawake wasiozidi miaka 42 walitumia dawa za kuzuia homoni miezi 18 hadi 30, wakaziacha kwa muda ili watafute mimba. Kati ya 497 waliofuatiliwa, 317 walijifungua mtoto hai. Kwa miaka 3 hivi saratani haikuwarudia kuliko wenzao wasioziacha. Ila waliziacha chini ya uangalizi wa madaktari, wakangoja miezi 3 kwanza, wala si kwa kuvitupa vidonge nyumbani.

Liko na jambo la aibu: ukavu ukeni. Mama hunyamaza kwa maumivu, na mume hudhani amechukiwa. Waambiane. Vilainishi vya maji huuzwa katika maduka ya dawa. Krimu za homoni asipake bila shauri la daktari. Na anayetumia tamoksifeni akitokwa damu isiyo ya kawaida, aende hospitali asikawie.