Mas'ala ya Jokofu Lililozeeka: Litengenezwe au Libadilishwe?

Imeulizwa: Mtu ana jokofu, nalo ndilo liitwalo friji, limo nyumbani mwake tangu miaka 16. Mkewe huuza barafu kwa watoto wa mtaani, na katika rafu yake huwekwa insulini ya mamake mzazi aliye na maradhi ya sukari. Sasa lavuma mchana kutwa na usiku kucha wala haligandishi, illa pembe moja ya juu ndiyo ishikayo theluji kidogo. Fundi amelitazama kwa kitambo cha kunywa kahawa, akasema kompresa imekufa, akataka shilingi 250,000. Mwanawe asema litupwe, na jipya likopwe dukani kwa shilingi 900,000. Je, lipi lililo bora kwake?

Jawabu: La kwanza si fundi wala duka, la kwanza ni insulini. Dawa hii ikiwa haijafunguliwa hutakiwa kukaa katika baridi ya daraja 2 hata 8. Ile iliyokwisha kuanza kutumiwa, aina nyingi zake huvumilia hewa ya kawaida muda wa wiki nne hivi, maadamu joto halipiti daraja 25 au 30 kwa kadiri ilivyoandikwa katika karatasi yake. Na joto la pwani wakati wa kaskazi hupita hapo. Basi ipelekwe leo hii kwa jirani mwenye jokofu zima. Wala isigusane na barafu, kwani insulini iliyoganda imekwisha kuharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Mama mgonjwa asingojeshwe mpaka hukumu ya chombo ipatikane.

Kisha mwenye jokofu na aijue hali ya chombo kabla ya kuijua bei. Jokofu halifanyi baridi. Kazi yake ni kulitoa joto lililo ndani na kulimwaga nje. Katika mabomba yake mna gesi iliyofungwa, isiyo na njia ya kutoka. Kompresa, ambayo wengine huiita mota, huikamua gesi hiyo ikapata moto. Gesi hupita katika wavu wa mabomba ya nyuma, ikalitua joto lake hewani na kugeuka maji. Kisha hupenyezwa katika kijibomba chembamba mno, na itokeapo upande wa pili huchemka kwa kuondokewa na mkandamizo, na katika kuchemka kwake hulinyonya joto la chakula. Aliyeyafahamu haya ameifahamu nusu ya mas'ala, kwa kuwa kila kiungo kikiugua hutoa alama yake.

Kompresa ikilia "tik" ikanyamaza, kisha baada ya dakika chache ikalia tena ikanyamaza, tuhuma ya kwanza iwe juu ya rilei, kidude kidogo cha kuiamsha, chenye thamani ndogo. Ya pili juu ya umeme usiotosha. Na ya tatu ndiyo juu ya kompresa yenyewe. Taa ikiwaka na kompresa haisemi kabisa, hutazamwa pia temostati na nyaya. Na ikivuma bila ya kupumzika, na theluji ikashika mahali pamoja tu karibu na mdomo wa kile kijibomba, alama hiyo kwa kawaida ni ya gesi iliyopungua. Nayo ndiyo hali iliyotajwa katika swali. Kweli, kompresa iliyochakaa ndani yake huweza kuvuma bila ya kukamua vizuri, na kwa hiyo neno la fundi huenda likawa sawa, lakini halijathibiti. Na athibitishe kwa geji, mbele ya mwenye mali, kabla ya kutajwa shilingi mia mbili na hamsini elfu.

Wako pia wagonjwa ambao si wagonjwa. Mpira wa mlango ukilegea, hewa ya pwani yenye maji huingia usiku kucha, na barafu huota ukutani kama chokaa; hujaribiwa kwa kipande cha karatasi kinachobanwa mlangoni, kikivutika pasipo kushikwa mpira umechoka, au una uchafu tu na wataka kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Wavu wa nyuma ukijaa vumbi, au jokofu likibanwa na ukuta au kuwekwa karibu na jiko, joto halina pa kwenda. Na huko tuliko na chumvi ya bahari, mabomba ya nyuma hula kutu upesi. Yatazamwe kila mwaka.

Ama katika jambo la gesi, hapa ndipo mali nyingi za watu hupotelea. Imekuwa ada kusikia kwamba jokofu "limekwisha gesi", kama taa iliyokwisha mafuta, kisha huja mtu akatia, akalipwa, akaenda zake. Na baada ya miezi mitatu huitwa tena. Gesi ya jokofu haitumiki wala haiishi. Ikipungua, pana tundu. Mwenye kutia gesi pasipo kulitafuta tundu ni kama mwenye kujaza mtungi uliopasuka, na malipo yake ya pili na ya tatu huwa yameipita bei ya kazi moja iliyo sahihi. Kazi sahihi ni kulitafuta tundu kwa povu la sabuni na mkandamizo, kuliziba, kubadili kichujio, kuyavuta mabomba kwa mashine mpaka pasibaki hewa wala unyevu, ndipo gesi itiwe kwa mizani. Fundi asiye na mashine ya kuvuta hewa asiachiwe kuyafungua mabomba.

Tena gesi si moja. Majokofu ya kale yalikuwa na R12, ambayo ilikatazwa kwa kuharibu tabaka la ozoni katika mapatano yaliyotiwa saini Montreal mwaka 1987, na nchi zinazoendelea zikapewa muda wa kuiacha mpaka mwaka 2010. Badala yake ikaja R134a, nayo mwaka 2016 ikaingia katika mapatano ya Kigali ya kupunguzwa kidogo kidogo, kwa sababu hulizidisha joto la dunia. Mengi yaliyo mapya yana R600a, ambayo hushika moto. Jina la gesi limeandikwa katika kibati kilicho ndani ya jokofu au nyuma yake, lisomwe. Chombo kilichoundwa kwa R134a kisitiwe gesi ya kuwaka, sembuse gesi ya kupikia, kwa hoja ya urahisi wa bei.

Na tundu lenyewe liko wapi? Hapa ndipo penye kukata shauri. Likiwa katika kiungo cha nyuma kinachoonekana, hutengenezeka. Likiwa katika bati la chumba cha barafu, kwa sababu mtu alikwangua theluji kwa kisu (na visu vimeua majokofu mengi), huzibika, lakini mara nyingi hurudi. Likiwa katika bomba lililozikwa ndani ya povu la ukuta, mkono wa fundi haulifikii, na kwa chombo cha miaka 16 hilo latosha kuwa sababu ya kuachana nacho.

Limebaki jambo lisilotajwa na fundi wala na mwana, nalo ni ulaji wa umeme. Jokofu hununuliwa mara moja, lakini hulishwa kila siku. Mwenye nyumba na azime vyote vinginevyo, au achague siku ambayo watu wametoka, na asome mita, kisha asome tena baada ya saa 24. Ijaaliwe kuwa lake, likiwa zima, lilikula uniti 3 kwa siku, na jipya la ukubwa ule ule lala uniti 1: tofauti ni uniti 2 kwa siku, ambazo kwa mwaka ni 730. Uniti ikiwa shilingi 300, hizo ni shilingi 219,000, na jipya la 900,000 litakuwa limejilipa kwa miaka minne na kidogo. Lakini la kale likiwa lala uniti moja na nusu tu, tofauti kwa mwaka haifiki shilingi 55,000, na hiyo 900,000 hairudi ila kwa miaka 16. Kwa hiyo watu wawili wenye majokofu ya umri mmoja huweza kupewa majibu mawili, na yote mawili yakawa sahihi. Kila mtu aweke bei ya mji wake. Na anayenunua Kenya atazame nyota zilizobandikwa mlangoni kwa kanuni za mwaka 2016. Nyota nyingi ni ulaji mdogo.

Katika kupatana na fundi, ujira haufai kuachwa katika "tutaelewana". Mkataba wa ijara wahitaji kazi ijulikane na ujira ujulikane. Na ikiwa ugonjwa haujulikani bado, wanazuoni wa madhehebu ya Shafi'i wametaja mlango wa ju'ala, nao ni mtu kusema: atakayelirudishia jokofu hili baridi yake ana kiasi kadhaa. Hapo fundi hastahiki kitu mpaka kazi itimie, na mwenye mali akivunja ahadi baada ya fundi kuanza, humlipa ujira wa mfano wa kazi aliyoifanya. Mlango huu wamfaa sana mwenye jokofu bovu, na fundi hodari hauogopi. Kipande cha kale kilichotolewa ni mali ya mwenye jokofu, akiombe.

Basi kwa aliyeuliza: asilipe 250,000 kwa maneno. Na amlipe fundi, huyu au mwingine mwenye geji, ujira mdogo uliotajwa wa kupima peke yake. Tundu likiwa la nje na mita ikasema chombo hakili sana, na alitengeneze. Barafu za mkewe zitarudisha gharama. Tundu likiwa ukutani, au kompresa imekufa kweli, asiiweke kompresa ya 250,000 katika mwili uliokwisha kula kutu.

Akinunua jipya kwa kulipa kidogo kidogo, bei ikiwa imezidi ile ya taslimu lakini imekatwa siku ya mkataba, haina dhara. Ikiwa yaongezeka kila akichelewa, hiyo ni riba, na heri mkewe auze maji ya mtungini. Akiliendea lililotumiwa huko Ulaya, atazame gesi yake na umri wake. Nchi ya Ghana ilikwisha kuyazuia hayo yasiingie, na katazo likaanza kushikwa mwaka 2013, kwa wingi wa umeme yanaoula. Na aliye na ndugu Saudia ajue kuwa umeme wa huko ni wa mitetemo 60, na wa kwetu ni 50. Jokofu la huko likiwashwa huku, kompresa yake hupata moto kupita kiasi. Vyovyote atakavyonunua, na anunue pia kifaa cha kulilinda na umeme unaopanda na kushuka, chenye kulingojesha dakika chache umeme urudipo. Watu wa Unguja, waliokaa gizani mwezi mzima hivi mwaka 2008, na tena tangu Desemba 2009 hata Machi 2010, hawahitaji kuhadithiwa habari ya umeme kukatika.

Likibaki lile la kale, akitaka kuliuza, amwambie mnunuzi kwamba lavuja gesi na mahali linapovujia. Akilificha, mnunuzi ana haki ya kulirudisha mara aionapo aibu yake, na muuzaji amebeba dhambi ya udanganyifu. Akilitoa kwa wanunuzi wa vyuma, mabomba yasikatwe kwa shoka gesi ikimwagika, bali fundi aitoe kwanza. Na likikaa uani hata siku moja kungojea mchukuzi, mlango wake ung'olewe usiku huo huo, kwa sababu mtoto akiingia kucheza ukamfungikia, hewa ya ndani humwishia upesi, na sauti yake haitoki.