Utajiri Unaopita Mlangoni Kwetu

Somo: Ezekieli 27:1-25, Mambo ya Walawi 19:9-10

Wapendwa, juma hili tunajifunza jambo ambalo mimi mwenyewe nililifundisha vibaya.

Mwaka 2019 ndugu mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani, dereva wa trela, aliningoja nje baada ya ibada. Tukatembea mpaka Fort Jesus, tukakaa kivulini. Akaniambia ana miezi mitatu hajalipa kodi ya nyumba. Nikamjibu kwamba imani yake ni ndogo, apande mbegu. Aliondoka kimya. Hakurudi kanisani.

Sikuwaza habari ya treni kabisa. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa mwaka 2017, na mwaka 2018 ikaanza kubeba mizigo. Kisha ikaamriwa makontena yapelekwe bara kwa reli, yakakaguliwe na kutolewa huko Nairobi. Haikuwa hasara tupu. Barabara ilipumua, na mzigo ukamfikia mnunuzi wa Nairobi karibu na duka lake. Lakini hapa kisiwani trela zikalala. Na trela ikilala, wanalala wengi: taniboi, fundi wa tairi, kuli, karani wa forodha, hata yule mama wa viazi karai wa Shimanzi. Watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Ni tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwa rais mpya, ndipo ilipotangazwa kwamba kazi ya kutoa mizigo inarudi Mombasa.

Sasa sikiliza. Mwaka huo huo wa 2019 uchumi wa Kenya ulikua kwa takriban asilimia 5. Hesabu haikudanganya. Pato la taifa hujumlisha thamani ya vitu na huduma zilizotolewa mwaka mzima; haliulizi zimeishia mikononi mwa nani. Adam Smith, Mskoti aliyeandika juu ya utajiri wa mataifa mwaka 1776, alisema utajiri si dhahabu iliyofungiwa hazina, ni kazi ya watu na mazao yake. Wengine baada yake wakasema wakubwa washibe kwanza, wadogo watafikiwa. Mimi nimekaa Mombasa miaka mingi, bado nangoja hicho cha kutufikia.

Turudi kwa Ezekieli. Tiro ulikuwa mji wa bandari kama wetu, na nabii anaorodhesha shehena zake kama karani: fedha, chuma, bati, risasi, pembe za ndovu, ngano, asali. Pale Bandari ya Kale, Mji wa Kale, orodha ingefanana: pembe na nafaka zikitoka, tende na mazulia yakiingia na majahazi ya kaskazi. Na watu pia waliuzwa, Tiro na pwani hii. Nabii haionei aibu biashara. Anachokilaumu, ukiendelea sura ya 28, ni moyo uliojiinua na dhuluma iliyoingia katika uchuuzi.

Walawi 19 inatupa kipimo. Mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa. Pembe ni za maskini na mgeni. Tazama, Mungu hakukataza mavuno yaongezeke! Aliuliza habari ya pembe. Basi mimi nauliza, bandari ya Kilindini nayo ni shamba, pembe zake ni zipi? Naona ni hao hao niliowataja. Amri ile ilifyeka mpaka pembeni, na mimi mzee wa kanisa nikamlaumu aliyefyekewa.

Mwezi uliopita nilimpata yule ndugu, anasukuma mkokoteni wa maji Mwembe Tayari. Nikamwomba msamaha palepale, wateja wakitutazama. Akasema, "Mzee, nimekusamehe, lakini ile kodi nililipiwa na jirani Mwislamu, sio kanisa."

Jumatano saa kumi na mbili jioni tutakaa kuongea juu ya mfuko wa kusaidiana kodi. Nimemwalika. Hajasema kama atakuja.