KAZI KWA KAZI: HUKUMU YA KUMLIPA FUNDI WA GARI KWA UJUZI

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jueni, ndugu zetu, ya kuwa watu wengi hudhani ujira hauwi ila fedha. Na wengine hudhani kuwa watu wawili wakitumikiana kazi kwa kazi, hapana mkataba baina yao wala sharti, bali ni undugu tu. Dhana zote mbili si sahihi. Kutoa kazi kwa kazi ni ijara, na ijara ina nguzo zake na sharti zake, ijapokuwa haikutoka hata senti moja.

Wazee wa pwani waliokwenda bara katika karne ya 19, hata wakafika Kafuro katika nchi ya Karagwe, walifanya biashara yao kwa nguo na shanga, wala hawakuona ajabu kukosa fedha. Hata leo watu wetu huenda pande hizo, kwani njia kuu itokayo Dar es Salaam kwendea Rusumo, mpakani mwa Rwanda, na Kabanga, mpakani mwa Burundi, hupita katika nchi ya Biharamulo na Ngara. Basi natuweke mfano wetu huko.

MFANO. Mwalimu wa chuo, mtu wa pwani, akaa Nyarubungo, mkoa wa Kagera. Gari lake limekwisha klachi, na fedha hana, wala hana jamaa karibu wa kumkopa. Fundi wa hapo ana watoto watatu, ataka wasomeshwe Kurani. Mwalimu akasema, "Nitengenezee gari, nami nitakusomeshea watoto." Fundi akajibu, "Haya, tutaelewana." Je, mkataba huu ni sahihi?

JAWABU. Asili ya jambo ni halali, lakini mkataba huu, kwa namna ulivyosemwa, haukusihi, kwa kuwa haukubainisha kitu.

Ama uhalali wake, tazameni kisa cha Nabii Musa katika Sura ya Al-Qasas. Mzee wa Madyani alitaka kumwoza binti yake kwa sharti amtumikie miaka 8, na akitimiza 10 ni hisani yake mwenyewe. Na katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Sahl bin Saad, imo khabari ya maskini aliyekosa hata pete ya chuma ya kutoa mahari, naye Mtume akamwoza kwa Kurani aliyoihifadhi. Ikiwa mafunzo yalifaa kuwa mahari, yafaa pia kuwa ujira wa fundi. Na katika madhhabu ya Imamu Shafii, yajuzu manfaa kuwa badali ya manfaa.

Ama sharti zake, hizi ndizo za kushikwa.

Kwanza: kazi ijulikane. "Kutengeneza gari" ni neno lisilo mpaka. "Kubadili klachi" ni kazi ijulikanayo. Na ikiwa ubovu haujulikani, kwanza gari litazamwe, na huko kutazama kuhesabiwe kazi mbali. Kadhalika mafunzo yapimwe, ama kwa muda, kama saa moja kila siku kwa miezi miwili, ama kwa kazi, kama kusomesha juzuu ya Amma. Wala asiyachanganye mawili, akaahidi kuimaliza juzuu kwa mwezi mmoja, kwani huenda mwezi ukaisha na juzuu haijaisha.

Pili: vipuri vitengwe na kazi. Kazi ya mkono ni ijara, na kipuri ni mali inayouzwa. Hiyo ni biashara nyingine yenye bei yake. Isemwe mapema nani atakayekinunua. Ugomvi mwingi huzaliwa hapa, kwa kuwa mmoja alidhani kazi, na mwingine akadhani kazi na kipuri pamoja.

Tatu: isiwe deni kwa deni. Wote wawili wakiahidi tu, na hapana aliyeanza, hilo ndilo la kuogopwa. Njia ya salama ni fundi kuajiriwa yeye mwenyewe, aanze kazi papo hapo, na mafunzo yabaki deni juu ya mwalimu, kwa kipimo na muda ujulikanao.

Nne: iandikwe, na wawepo mashahidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Al-Baqara, imekuja kufundisha kuandika deni. Asione haya mtu kumwandikia rafiki yake, kwani karatasi haivunji urafiki. Uvunjao urafiki ni usahaulifu.

Tano: amana. Gari lililo mkononi mwa fundi ni amana. Kwa kauli yenye nguvu katika madhhabu yetu halipi likiharibika, ila akizembea au akipindukia mpaka. Na saa za mwalimu nazo ni amana, asimtume kijana asiyejua makamo yake.

Na hukumu hizi ni moja, awe fundi ni Mwislamu au si Mwislamu, na uwe ujuzi unaotolewa ni kushona, au kujenga, au kuandika hesabu.

Sasa turudi kwa wale wawili. Ikiwa klachi imekwisha tiwa, na mkataba wao ulikuwa "tutaelewana" tu, kazi ya fundi haipotei. Apewe ujira wa mfano, yaani ule ambao mafundi wa mahali pale hupewa kwa kazi kama ile. Mwalimu asiseme, "Mimi nimekwisha kuwafundisha watoto siku tatu, yatosha," bali naye ahesabiwe siku zake kwa ujira wa mfano, na atakayebakiwa na deni alilipe au asamehewe kwa kauli iliyo wazi.

Ndugu zangu, mtu akifa, deni lake halifi naye. Nalo halikuwa lazima liwe fedha. Huenda likawa ni masomo yasiyotimizwa, au gari lililoachwa uani bila ya kumalizwa. Basi neno "tutaelewana" lisemwe baada ya kuelewana, si kabla yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie wenye kutimiza ahadi. Amin.